Kuvuja kwa Paa, Nafuu ya Fundi

Ukipita mitaa ya huku Uingereza mwezi wa Novemba, majani yameanguka na rasharasha inanyesha tangu alfajiri, hukosi kuona kioja kimoja. Pembeni mwa barabara limeegeshwa gari dogo la kukunja paa, limefunikwa turubai la buluu na kufungwa kamba kama mzigo wa lori. Paa nalo limewekewa paa! Jirani aliyelinunua mwezi wa Juni, siku jua lilipowaka na kila mtu kuvaa kaputula, sasa hutoka nje asubuhi na taulo mkononi kukamua viti kabla ya kwenda kazini.

Tusimcheke. Sisi nasi tumepita humo humo, tena kwa gharama, na tutasimulia mbele. Lakini kabla ya hapo kuna swali ambalo kila mwenye gari la aina hii hujiuliza akiwa amepiga magoti kwenye zulia bichi: binadamu ametengeneza nyambizi inayokaa chini ya bahari miezi mizima, basi paa la gari limemshinda nini? Tulipoanza kulifuatilia swali hilo tuligundua kwamba jibu lake lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba wengi wetu tunalitafuta mahali pasipo.

Wote walipokuwa wakiloa

Mwanzoni magari yote yalikuwa wazi. Gari la Karl Benz la mwaka 1886, lile la magurudumu matatu, halikuwa na paa kabisa. Waliofuata waliiga magari ya farasi, ambayo baadhi yake yalikuwa na kifuniko cha kukunja cha ngozi au turubai. Hata jina kabrioleti, ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa magari haya mpaka leo, asili yake ni gari jepesi la farasi la magurudumu mawili. Waliopanda magari siku hizo walivaa makoti mazito, glavu na miwani ya kuzuia vumbi. Mvua ikinyesha waliloa, na aliyeloa hakuwa na wa kumlalamikia kwa sababu hata tajiri wa mbele yake alikuwa ameloa.

Mambo yaligeuka kwa kasi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Nchini Marekani mwaka 1919, kiasi cha gari moja tu katika kila kumi yaliyouzwa ndilo lililokuwa na bodi iliyofunikwa. Kufikia mwaka 1927 magari yenye paa la kudumu yalikuwa yamefika asilimia 85. Sababu kubwa ilikuwa bei. Zamani gari la kufunikwa lilikuwa anasa, lakini viwanda vilipojifunza kutengeneza bodi hizo kwa wingi, gharama zikaporomoka. Mwaka 1925 kampuni ya Hudson ilikuwa ikiuza gari lake la Essex lenye paa kwa bei ya chini kidogo kuliko lile la wazi.

Hapo, kwa maoni yetu, ndipo manung'uniko yalipozaliwa. Gari la wazi halikuwa tena jambo la lazima, lilikuwa jambo la hiari. Mwenye nalo alilichagua mwenyewe, alililipia mwenyewe, kisha akasimama kwenye taa za barabarani maji yakimdondokea shingoni, huku jirani yake mwenye gari la bei nafuu amekaa mkavu akimtazama. Kinachouma ni kuloa peke yako, tena kwa fedha zako.

Kitambaa si mkosaji

Mtu akiona maji ndani ya gari, jambo la kwanza ni kulilaumu turubai. Mara nyingi turubai linasingiziwa. Elimu ya kuzuia maji kwa kitambaa ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Mwaka 1823, Charles Macintosh wa Glasgow alisajili uvumbuzi wake wa kuweka tabaka la mpira ulioyeyushwa katikati ya vitambaa viwili. Ndiyo asili ya koti la mvua ambalo Waingereza mpaka leo huliita kwa jina lake. Paa zuri la turubai la gari la siku hizi limejengwa kwa kanuni ile ile: kitambaa juu, mpira katikati, kitambaa chini. Likitunzwa, linaweza kupigwa na mvua ya usiku kucha lisipitishe hata tone.

Maji hayapiti kwenye kitambaa. Hupita pale kitambaa kinapokutana na kitu kingine: juu ya kioo cha mbele paa linapobanwa kwa komeo, pembeni mwa vioo vya milango, na nyuma paa linaposhikana na bodi. Tena vioo vya milango ya magari haya kwa kawaida havina fremu. Kioo husimama peke yake na kuegemea mpira. Mpira ukikakamaa kwa uzee, au kioo kikisimama nje ya mstari kwa milimita mbili tu, njia imepatikana.

Na lipo kubwa zaidi. Katika gari la kawaida paa ni sehemu ya mifupa, linashikilia mbele na nyuma kama mfuniko unavyolishikilia sanduku la kadi. Ukiuondoa mfuniko huo, sanduku linapindapinda ukilibeba. Wahandisi huongeza vyuma chini kulikaza, lakini gari la wazi bado hucheza kidogo likipita kwenye mashimo, na kila linapocheza maungio yale huachana na kurudiana. Kwa hiyo fundi anayekuambia kwamba ameziba kila mahali anazungumzia gari lililosimama. Gari linalotembea ni habari nyingine.

Magari ya nchi ya mvua

Hapa Uingereza ndipo mkasa huu ulipokolea. Baada ya Vita Vikuu vya Pili nchi ilikuwa na madeni makubwa na chuma kilikuwa adimu, na serikali ilikipa kipaumbele kiwanda kilichouza nje ili kuleta fedha za kigeni. Magari madogo ya wazi yakawa bidhaa nzuri ya kuuza. MG TC, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1945, iliwavutia Wamarekani ingawa zote zilikuwa na usukani upande wa kulia. Mwaka 1955 ikaja MGA, na hadi mwaka 1962 zilikuwa zimetengenezwa 101,081. Kati ya hizo ni 5,869 tu zilizouzwa hapa nchini. Zilizobaki zilivuka bahari, nyingi zikienda Marekani.

MGA ya wazi haikuwa na vioo vya kupandisha milangoni. Ilikuwa na viwambo vya kuchomeka kwa mkono vyenye dirisha la plastiki, na hata kishikio cha mlango kwa nje hakikuwepo: ulipenyeza mkono ndani ukavuta kamba. Austin-Healey Sprite ya mwaka 1958 ilikuwa na desturi hiyo hiyo. Mvua ikianza ghafla, dereva alisimama kando ya njia, akatoa vyuma vya paa, akatandaza turubai, akabana vifungo kimoja kimoja, akachomeka viwambo. Alipomaliza, ama mvua imekwisha ama yeye amekwisha loa. Vioo vya kupandisha vilipokuja, kwenye Triumph TR4 ya mwaka 1961 na MGB ya mwaka 1962, watu waliviona kama neema.

Wale wenye magari hayo hawakudanganywa. Walijua. Walibeba taulo na sifongo kama vile mvuvi anavyobeba upo wa kuchotea maji ndani ya ngalawa. Nasi tuliokulia Afrika Mashariki tunaelewa, maana tulizijua Land Rover za turubai, aina iliyoanza mwaka 1948. Vumbi liliingia, mvua iliingia, na hakuna aliyekwenda kudai fidia. Uliahidiwa gari litakalofika, na likafika.

Tatizo la miaka ya baadaye ni kwamba ahadi ilibadilika. Gari la wazi likaanza kuuzwa likiwa na redio, zulia zito, viti vya ngozi na kompyuta chini ya kiti, na mnunuzi akaambiwa kwamba paa likifungwa atakuwa sawa na mwenye gari la kawaida. Maji yale yale ambayo mwaka 1955 yaliloanisha sakafu tupu, sasa yanaua waya wa taa, milango na mikoba ya hewa.

Walitaka kulishinda kwa chuma

Wako waliosema dawa ni kuacha turubai na kukunja paa la chuma. Wa kwanza kulifikisha wazo hilo sokoni kwa kiasi cha haja alikuwa Mfaransa, Georges Paulin, daktari wa meno aliyependa kuchora magari. Peugeot ilianza kuuza magari yenye paa lake mwaka 1934 kwa jina la Eclipse: paa zima la chuma lilijilaza ndani ya buti. Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani, Paulin alifanya kazi ya siri dhidi yao, akakamatwa na kupigwa risasi Mont-Valérien, karibu na Paris, mwezi wa Machi 1942.

Wamarekani walijaribu tena. Kati ya mwaka 1957 na 1959 Ford ilitengeneza kiasi cha magari 48,000 ya Skyliner, ambayo paa lake la chuma lilisogezwa na mota za umeme zilizounganishwa kwa waya wa takriban futi 600. Ilikuwa ajabu ya kutazama, lakini paa likishalala, buti halikubakiza nafasi ya mizigo ila kidogo tu. Wazo likalala mpaka Mercedes-Benz ilipoleta SLK mwaka 1996 na Peugeot ikaleta 206 CC mwaka 2000 kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifikiria. Katika miaka ile ya mwanzo wa karne, karibu kila kampuni ilikuwa na gari lake la paa la chuma la kukunja.

Je, chuma kiliyashinda maji? Tufikiri kidogo. Turubai ni kipande kimoja. Paa la chuma la kukunja ni vipande viwili, vitatu, hata vitano, na kila kipande kinakutana na kingine kwa mpira. Aliyetaka kupunguza mianya akaiongeza. Mapaa hayo yalileta utulivu na usalama dhidi ya wezi wenye visu, hilo halina ubishi, lakini pia yalileta uzito, gharama na mipira mingi ya kuzeeka. BMW, iliyokuwa imeweka paa la chuma kwenye Z4 ya mwaka 2009, ilirudi kwenye turubai kwa Z4 iliyofuata mwaka 2018. Safari ndefu ikarudi ilikoanzia, kwa Macintosh.

Hekima ya makuti

Jibu la busara zaidi, kwa maoni yetu, lilikuwa kwenye gari la unyenyekevu. Mwezi wa Februari 1989, katika maonyesho ya magari ya Chicago, Mazda ilionyesha gari dogo la viti viwili, MX-5, lililofuata roho ya yale ya Kiingereza ya miaka ya sitini. Lilipendwa kupita matarajio. Mwaka 2016 lilitimiza idadi ya milioni moja. Paa lake lilikuwa la kitambaa cha plastiki, likifunguliwa kwa mkono.

Tazama lilivyoshughulikia maji. Pale nyuma paa linaposhikana na bodi, waliotengeneza hawakutegemea kuyazuia yote. Waliweka mfereji mwembamba chini ya ukingo wa paa ili uyapokee yatakayopita, ukayapeleka kwenye matundu mawili nyuma ya viti, moja kila upande, na kutoka hapo mrija ukayashusha hadi chini ya gari. Magari mengi ya kukunja paa yana mpango wa namna hiyo. Kwa maneno mengine, gari zuri la wazi limekubali tangu kiwandani kwamba maji yataingia. Kazi yake ni kuyaonyesha njia ya kutoka.

Sisi watu wa pwani elimu hii tulikuwa nayo. Paa la makuti halikuzibwa popote. Lina mianya isiyohesabika, ukilala chali mchana unaona nyota za jua. Halivuji kwa sababu limeinama vizuri, na kila kuti hulipokea tone na kulikabidhi kwa kuti la chini yake mpaka lifike uani. Likianza kuvuja, mwezekaji hapandi na lami kupaka. Hutafuta kuti lililooza linaloyakwamisha maji.

Haya ndiyo tuliyoyajua tukiwa tumechelewa. Gari letu, ambalo hatutalitaja jina, tulilinunua mkononi mwa mtu siku ya jua. Mvua za kwanza zulia likalowa upande wa abiria. Tukalipeleka gereji, wakapaka silikoni juu ya mpira wa mlango. Likalowa tena, tukalipeleka tena, wakapaka nyuma. Mara ya tatu vioo vilianza kushuka vyenyewe usiku, ukungu ukaota kwenye mikanda, na watoto wakakataa kupanda kwa sababu ya harufu. Bibi alipouliza kwa simu kutoka Mombasa kulikoni, tukamweleza. Akasema, “Wajukuu zangu, gari gani hilo la kuwekewa ndoo ndani?”

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa msikitini, fundi wa zamani wa Mombasa aliyekwisha staafu. Hakutazama paa hata kidogo. Aliinama nyuma ya kiti, akaomba uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi, akausukuma ndani ya tundu. Tulisikia kitu kikiachia, kisha maji meusi yenye majani yaliyooza yakamwagika chini ya gari kama bomba limefunguliwa. Akanyoosha mgongo akasema, “Vijana, mmeziba mlango wa kuingilia na wa kutokea mmeusahau.” Lakini maji yalikuwa yamekaa ndani ya vizingiti vya chini ya milango majira mawili ya baridi. Kutu ilikuwa imekwisha kula, na gari likashindwa ukaguzi wa mwaka. Fedha za kuchomelea zilitoka kwenye nauli. Mwaka ule hatukwenda Mombasa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatuwapingi. Ila kwa gari la kukunja paa, anayekimbilia kuziba kabla ya kuzibua anajijengea kisima.

Anayetaka kununua

Kwa kuwa najua yenu mioyo ni kama yetu, na jua likiwaka Juni mtanunua tu, tumalizie kwa yanayofaa. Nenda kuliona gari siku ya mvua, au omba ruhusa ya kumwaga maji juu yake. Ingiza mkono chini ya zulia, usiishie juu. Nusa. Mwaga kikombe cha maji polepole kwenye matundu nyuma ya viti kisha tazama chini ya gari, yasipotoka, umejua. Ukishalinunua, safisha matundu hayo kila majani yanapoanguka, na usiegeshe chini ya mti. Dirisha la nyuma likiwa la plastiki, usilikunje siku ya baridi kali, litapasuka.

Na mjue haki zenu. Hapa Uingereza, chini ya Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, ukinunua kwa mfanyabiashara na gari likawa na kasoro, unazo siku 30 za kulikataa na kurudishiwa fedha. Baada ya hapo, hadi miezi sita tangu ununue, kasoro huhesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo, naye ana nafasi moja ya kulitengeneza. Ukinunua kwa mtu binafsi kinga ni ndogo: gari lilingane na alivyolieleza, basi. Kwa hiyo akikuambia halivuji, mwombe aandike.

Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi, walisema wazee wetu. Pakacha la gari letu liliwapa nafuu mafundi watatu, na mzigo ukatubakia sisi. Yule wa nne, aliyejua maji yanataka nini, alikataa hata senti. Alitaka chai tu, tena alikunywa ndani ya gari, paa likiwa wazi, siku ya jua la Aprili. Mpaka leo gari tunalo.